Kitanda cha Muda Nilichokinunua Dodoma

Nilipopata barua ya uhamisho kwenda Dodoma katikati ya mwaka 2024, kilichoniumiza kichwa zaidi kilikuwa kitanda, kuliko mzigo na kuliko hata kodi. Watoto walikuwa katikati ya mwaka wa masomo Dar es Salaam, na mimi na mume wangu tulikubaliana wabaki naye na bibi yao mpaka shule zifungwe Desemba. Kitanda chetu cha mninga, sita kwa sita, kilibaki Tabata kwa sababu nyumba ilikuwa bado na watu. Mimi nilitangulia na begi la nguo, jiko dogo la gesi na sufuria, nikapange chumba kimoja cha masta hadi familia ifike na tutafute nyumba. Kwa kipindi chote hicho nilihitaji mahali pa kulala pa bei nafuu, tena pasipogeuka hasara siku wenzangu watakapofika.

Njia hii wameipita wengi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini kuhama kwenyewe kulishika kasi baada ya tangazo la serikali la mwaka 2016, na tangu hapo watumishi wamekuwa wakihama kwa mtindo huu huu: mmoja anatangulia, wengine wanafuata. Na hili haliwahusu watumishi peke yao. Kuna anayehamia kwenye pagale lake kabla halijapigwa lipu ili kukwepa kodi, kuna binti aliyepata kazi ya mkataba Mwanza, kuna kijana aliyefukuzwa na mwenye nyumba kwa notisi fupi. Wote huambiwa maneno yale yale: nunua chochote, hicho ni cha muda tu.

Ushauri huo naupinga kwa moyo wote. Mgongo hauna habari kwamba kitanda ni cha muda. Halafu miezi mitatu huwa sita, na sita huwa mwaka, kwa sababu nyumba haikupatikana au ujenzi umesimama. Nimeona ofisini kwetu watu wazima wanaofika asubuhi wameshika kiuno, na ukiuliza unaambiwa bado wanalalia kile kile walichokinunua haraka haraka wiki ya kwanza.

Siku za mwanzo nililala gesti kama kila mgeni. Gesti ya kawaida, safi, yenye maji, nilikuwa nalipa elfu ishirini kwa usiku. Ukipiga hesabu ya mwezi mzima ni laki sita, na mwisho wa mwezi huna hata foronya ya kuondoka nayo. Kwa fedha hiyo mtu analala juu ya kitanda chake mwenyewe na chenji inabaki. Kwa hiyo chumba kilipopatikana Nkuhungu nilihamia siku hiyo hiyo, kikiwa kitupu, nikaanza kutafuta.

Mama mwenye nyumba wangu ni Mgogo, mtu mzima sana, mpole na mwenye kuuliza. Aliponiona naingiza mkeka na blanketi akanisimamisha mlangoni.

"Mwanangu, kitanda kinakuja nyuma?"

"Bado, mama. Nitalala chini kwanza siku mbili hizi."

Hakupenda. Akanivutia kiti chini ya mwarobaini, akanieleza habari za papasi, wadudu wa jamii ya kupe. Wao walikulia kwenye tembe, nyumba za udongo zenye paa la udongo, na papasi walikuwa wakijificha kwenye nyufa za sakafu na kuta, wanatoka usiku, wanamnyonya aliyelala, wanarudi ufani kabla hajaamka. Homa ya papasi ni ugonjwa wa kweli, unakuja na kuondoka na kurudi tena, na mkoa wa Dodoma ni kati ya sehemu ambazo ugonjwa huo umejulikana kwa muda mrefu. Kwao, kuinuka kutoka ardhini ilikuwa kinga. Chumba changu kina sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa lipu, kwa hiyo papasi hakuwa na mahali pa kukaa, lakini nge Dodoma wapo, na nilikuta mmoja bafuni wiki hiyo hiyo. Mama akanipa kitanda chake cha kamba, telemka tukaze, anachopumzikia mchana. Nilikilalia kwa shukrani. Kinapitisha hewa vizuri ajabu, lakini kamba zikilegea unalala umejikunja, na bila godoro baridi ya Julai inakupata kutokea chini. Wasioijua Dodoma hudhani ni joto mwaka mzima. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 14, na upepo hausimami.

Kaka mmoja wa uhasibu, aliyefika Dodoma miaka mingi kabla yangu, alikuwa na msimamo mwingine. Yeye alitandika godoro jipya sakafuni akaendelea na maisha. Siku moja alipohama chumba tulienda kumsaidia kubeba. Tulipoliinua lile godoro, upande wa chini ulikuwa na madoa ya ukungu ya kijivu na kijani, hasa sehemu ya mgongo, na harufu yake ikajaa chumba. Aliduwaa, maana juu lilikuwa safi na shuka alibadilisha kila wiki. Mwili hutoa jasho usiku kucha hata kwenye baridi; unyevu ule unashuka ndani ya sponji, unafika kwenye saruji baridi, unakosa pa kutokea. Dodoma ni pakavu, na bado yakatokea hayo. Dar es Salaam wakati wa masika mambo huwa mabaya zaidi. Anayelazimika kulala chini ainue godoro kila asubuhi, aliegemeze ukutani lipate hewa, na chini yake aweke mkeka na vipande vya mbao. Ni kazi ya kila siku, na watu wenye kazi za kuamkia hawaifanyi.

Godoro la kujaza upepo nalo nililijaribu, la kuazima kutoka kwa dada aliyeletewa na ndugu yake wa nje. Kwa mgeni wa usiku mmoja ni jambo jema, linakunjwa na kuingia kabatini. Kwa miezi, hapana. Hewa iliyo ndani inapoa pamoja na chumba, kwa hiyo baridi inakuwa ndani ya godoro lenyewe, na upepo hupungua kidogo kidogo hata bila tundu la kuonekana. Alfajiri kiuno kiko chini na miguu iko juu. Kitanda cha kukunja, kile cha turubai na mabomba membamba, nilikilalia madukani tu kikanitosha kuona: katikati panabonyea, na bei yake haikuwa mbali na ya kitanda kamili.

Vitanda vya mtumba ni habari ndefu kidogo, na nadhani hapa ndipo wengi hupoteza fedha au huokoa fedha.

Dodoma ni mji wa vyuo. Inapofika Julai, wanachuo wanaomaliza huuza kila kitu: meza, feni, ndoo, vitanda na magodoro. Ukitembea mitaa iliyo karibu na vyuo unaweza kupata fremu nzuri kwa chini ya nusu ya bei. Nilikwenda kuangalia kadhaa, na kila mahali nilikwenda mchana, na tochi ya simu, nikaomba ruhusa ya kupindua kitanda. Kunguni hawakai mahali unapotazama. Wanakaa kwenye tundu la msumari, kwenye ufa ambapo mfumbati unaingia kwenye tendegu, chini ya chaga, na kwenye mshono wa pembeni wa godoro. Utaona alama kabla ya kumwona mwenyewe: vidoti vyeusi kama vya ncha ya kalamu ya wino, ambavyo ni kinyesi chake, maganda mepesi ya kahawia aliyoyavua, na mayai meupe ya kama milimita moja. Kunguni mkubwa ana milimita tano hadi saba, anaonekana bila shida akiwa wazi.

Muuzaji mmoja aliniambia kitanda chake kimekaa stoo tangu mwezi wa nne, kwa hiyo hata kama walikuwepo wamekufa njaa. Alikuwa anasema anachokiamini, ila kunguni anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula na akawa hai. Kinachomuua kwa hakika ni joto: likifika nyuzi 50 hivi haponi yeye wala mayai yake. Dawa za kupuliza nyingi zilizopo madukani ni za jamii ya pairethroidi, na kunguni wa sehemu nyingi za dunia wameshazizoea. Kwa hiyo nikajiwekea msimamo usiotetereka. Fremu ya chuma ya mtumba naweza kununua, kwa sababu nitaimwagia maji yanayochemka kila ungio na kila tundu, na chuma hakitadhurika. Fremu ya mbao ya mtumba naitazama mara tatu. Godoro la mtumba sinunui, hata likiwa la bure, hata likiwa la ndugu. Godoro huwezi kulichemsha, na huwezi kujua kilichomo katikati yake.

Hapo ndipo mpango wangu ulipopata sura: fedha nyingi ziende kwenye godoro, fedha kidogo kwenye fremu, na fremu hiyo ijulikane mapema itakuwa ya nani baada yangu. Nina watoto wawili, mmoja alikuwa na miaka kumi na mwingine mitano, na tulishajua kwamba Dodoma watalala chumba kimoja. Wangehitaji dabodeka, kitanda cha ghorofa. Mimi kwa sasa nilihitaji kitanda kimoja. Basi nikaamua kununua nusu ya chini ya dabodeka, niilalie mimi hadi Desemba, kisha nusu ya juu itengenezwe wakija.

Nilianza na godoro kabla ya kitanda, na nasisitiza mpangilio huo. Kipimo kilikuwa tatu na nusu kwa sita. Nilipita maduka kadhaa maeneo ya Majengo kuhakikisha kwamba kipimo hicho kina magodoro, mashuka na vyandarua vya kutosha, maana kipimo cha ajabu kinakufunga: utakuwa unashonesha mashuka kila mara na godoro lenyewe unaliagiza. Jina la mji huu limeandikwa kwenye magodoro nchi nzima, lakini jina peke yake halilali mtu. Kila godoro nililishika kwa mkono wangu.

Mwenye duka mmoja alikuwa mvumilivu sana, akaniacha nifanye nilivyotaka. Kwanza nilifungua zipu ya kava. Ndani unatakiwa uone sponji ya kipande kimoja. Mengine yalikuwa na vipande vya rangi rangi vilivyogandishwa kwa gundi, magumu na mazito. Kuna watu wanayapenda kwa ugumu wake, ila kwa bei ya godoro la kipande kimoja sikuona sababu. Pili, futikamba. Lililoandikwa inchi nane nililipima likawa nane, jirani yake lililoandikwa hivyo hivyo likawa saba na kidogo. Tatu, nilipiga goti katikati ya godoro kwa uzito wangu wote, nikahesabu pole pole hadi ishirini, nikainuka. Zuri hurudi hapo hapo. Dhaifu huacha shimo linalojaa taratibu, na goti linahisi mbao za chini. Nne, niliyainua mawili ya kipimo kimoja kulinganisha uzito. Sponji nzito kwa kawaida ndiyo yenye mali zaidi ndani yake, ingawa uzito peke yake si ushahidi kamili, ndiyo maana yale mengine matatu hayaachwi.

Nilinunua la inchi nane, gumu kiasi. Nilipofika nyumbani nilichana nailoni yote nikaitupa. Najua nyumba nyingi nailoni huachwa miaka ili godoro lisichafuke, na naelewa uchungu wa kitu kipya. Lakini nailoni huzuia jasho lisitoke, inapiga kelele kila ukigeuka, na kwa mtoto mdogo nailoni iliyochanika karibu na uso ni hatari. Kava ya kitambaa inayofuliwa inalinda vizuri zaidi. Lilikaa dirishani kutwa nzima mpaka harufu ya dukani ikaisha.

Kisha nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Karakana yake ilikuwa ya mabati kando ya barabara, na nilimchagua kwa kutazama kazi zilizokuwa nje zikisubiri wenyewe. Nilikagua maungio. Fundi mzuri huchomelea mshono mzima kuzunguka bomba, kisha anasaga kwa jiwe likawa laini. Mwenye haraka hugusa doti mbili tatu, akapaka rangi juu, na doti hizo ndizo huachia usiku mmoja ukiwa usingizini.

"Fundi, nataka dabodeka ya tatu na nusu kwa sita, lakini nachukua nusu ya chini kwanza."

"Nusu mama? Ya juu utakuja kuikuta bei imepanda."

"Ikipanda nitalipa. Nguzo za hii ya chini uziache wazi juu, ya juu ije na pini za kuchomeka."

Alifikiri, akachora chini kwa chaki. Nguzo zikawa za bomba la mraba la inchi moja na nusu, lenye unene wa milimita moja na nusu. Yapo ya moja nukta mbili na ni rahisi, lakini kwa kitanda kitakachobeba kingine juu sikutaka. Pini za nusu ya juu zitakuwa bomba la inchi moja na robo, linaloingia ndani ya lile kubwa na kukaa. Nikaomba mifumbati, yaani mabomba marefu ya ubavuni, isichomelewe kwenye kichwa na miguu, ifungwe kwa bolti za milimita nane, ili kitanda kifunguliwe kwa spana namba 13 na kupita mlango wowote. Kitanda kilichochomelewa chote ni nafuu kidogo, ila mpangaji anahama, na siku ya kuhama utalipia gari kubwa au utakata kwa grainda. Changu kilipokamilika kilikuwa vipande vinne, kikafungwa juu ya bajaji na kufika.

Kingine nilichoomba ni kipande cha bomba kilichobaki, urefu wa kiganja, cha kila saizi. Fundi alishangaa nakwenda nacho wapi. Karakana za barabarani huhamishwa, mafundi huhama, na mimi nilikuwa na miezi kadhaa ya kusubiri. Kipande kile ndicho kingemwonyesha fundi mwingine yeyote saizi halisi bila kubahatisha. Nilikifunga kwenye mfuko pamoja na daftari lililoandikwa vipimo vyote: upana wa ndani, umbali kati ya nguzo na nguzo, urefu kutoka sakafuni. Vipimo vya ndani tulivipata kwa kupima godoro lenyewe, tukaacha nusu inchi kila upande ili mkono upite wakati wa kutandika.

Kabla ya rangi alipaka redi oksaidi, nami nilisimama pale pale mpaka nikaiona, kwa sababu rangi ikishapita juu huwezi kujua kama chini kuna kinga ya kutu. Miisho yote ya mabomba ya mlalo akaiziba kwa vibati vidogo vya kuchomelea. Bomba lililo wazi ni nyumba ya kunguni na mende, na watu wengi wenye vitanda vya chuma hawajui kwamba wadudu wanatokea humo.

Chaga nilinunua mwenyewe kwa wauza mbao, mpaini wa Mufindi, upana inchi nne, unene inchi moja, kumi na moja, nikiacha nafasi ya inchi mbili na nusu hivi kati ya moja na nyingine. Nafasi ikiwa kubwa kuliko inchi tatu sponji huanza kuzama katikati ya chaga na godoro zuri linaharibika kwa kosa la mbao. Ukiziba kabisa kwa plaiwudi, unarudi kwenye tatizo la ukungu. Chuma na mbao vikigusana hulia usiku, kwa hiyo nilikata tyubu ya zamani ya baiskeli vipande vipande nikaviweka chini ya kila mwisho wa chaga. Kitanda kikanyamaza. Ni jambo la shilingi chache sana, na kwenye chumba cha kupanga ambapo ukuta ni wa tofali moja na jirani anasikia kila kitu, lina heshima yake.

Chandarua ndicho kilichonifurahisha kuliko yote. Mama mwenye nyumba hakutaka misumari kwenye dari yake mpya, na ana haki. Nguzo zangu zilikuwa wazi juu zikisubiri nusu nyingine. Nikanunua bomba la plastiki la maji la inchi moja, nikakata fimbo nne za futi tatu na nusu, nikazichomeka kwenye nguzo. Zikakaa wima, imara, nikafunga chandarua pembe nne bila kugusa ukuta wala dari. Na zile nguzo zikawa zimezibwa, mdudu hana pa kuingia. Mama aliingia kuangalia, akazitikisa fimbo moja baada ya nyingine, akaita mjukuu wake aje aone.

Gharama yote, godoro, fremu, chaga, fimbo na bajaji, haikufika laki tatu, yaani chini ya nusu mwezi wa gesti. Zaidi ya nusu ya hiyo ilikuwa godoro.

Mwishoni mwa Julai mwaka ule treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ilianza safari za Dar hadi Dodoma, na maisha yangu yakabadilika: Ijumaa jioni napanda, usiku nipo nyumbani na wanangu. Kuna wenzangu waliona kwamba kwa kuwa wanalala Dodoma siku za kazi tu, hawana haja ya kitanda. Mimi naona siku za kazi ndizo zinazohitaji usingizi zaidi. Mtu ametoka ofisini amechoka, yuko mbali na watoto, moyo haujatulia. Mahali pa kulala pakiwa safi, pameinuka, pana chandarua na shuka lililonyooshwa, angalau usiku haumuongezei uchovu.

Desemba familia ilifika, tukapata nyumba Ipagala, na kitanda cha mninga kikaja kwa lori pamoja na vyombo. Yule fundi wangu alikuwa ameshahama na hakuna aliyejua alipokwenda. Nilichukua mfuko wangu wa vipande vya bomba na daftari, nikaenda kwa mwingine, kijana mtaratibu, akapima pini zake kwa kipande changu, akatengeneza nusu ya juu na ngazi. Ilipofika nyumbani tulichomoa fimbo za chandarua, tukaishusha nusu ya juu juu ya nguzo, pini zikaingia zote nne kwa mara moja.

Mwenye dabodeka ya watoto azingatie unene wa godoro la juu. Wanaopanga kanuni za usalama wa vitanda hivi Marekani wanataka kizuizi cha pembeni kizidi uso wa godoro kwa inchi tano au zaidi, na kwamba mtoto wa chini ya miaka sita asilale juu. Kizuizi chetu kina inchi kumi na mbili kutoka kwenye chaga. Godoro langu la inchi nane lingeacha nne tu, mtoto angeweza kubiringika akiwa usingizini. Kwa hiyo juu tulinunua la inchi sita, akalala mkubwa. Langu la inchi nane likabaki chini, kwa mdogo, likiwa bado halijabonyea.

Fimbo nne za plastiki na chandarua chake nilimpelekea binti mmoja mgeni wa ofisini aliyekuwa amepanga chumba kile kile cha Nkuhungu. Kitanda alichonunua nguzo zake zilikuwa zimezibwa juu, ikabidi fundi azikate vizibo kwanza.